Mwanangu, Jina Hilo Lina Safari Ndefu

Mwezi wa kumi na moja uliopita, korosho zikiwa bado zimeanikwa uani, alinijia binti wa jirani. Ana miaka 21, anasoma chuo hapa Mtwara mjini, na tangu yuko darasa la nne ananiita mama mkubwa. Alinisaidia kuanua, tukafunga magunia mawili, nikampakulia muhogo wa nazi na chai. Alikula, akanawa, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akaniuliza huku anatazama miguu yake: "Mama mkubwa, mwanamke akimpenda mwanamke mwenzake, hicho kitu kinatoka wapi? Na mimi nitakuwa nani sasa?"

Siku ile nilimjibu machache, maana mjomba wake alikuwa anazungumza na watu barazani, hatua kumi tu kutoka tulipokaa. Nilimshika mkono nikamwambia hajaharibika. Mengine nayaandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine wa Mtwara, Lindi, Masasi, Nachingwea na vijiji vyake, wenye swali lilelile na wasio na uani wa mtu wa kwenda kuuliza.

Mimi nina miaka 51. Nilizaliwa Newala, juu kule ambako asubuhi ukungu unafunika bonde lote la Ruvuma. Nikachezwa unyago, nikaolewa nikiwa na miaka 19, nikazaa wawili, nikaachika. Kwa miaka 20 sasa naishi na mwanamke ninayempenda. Sitamtaja jina, wala langu. Moyo wangu ulisema mapema sana. Neno ndilo lililochelewa. Maneno yote niliyoyasikia juu ya watu kama mimi yalikuwa matusi, na hakuna mtu anayeingia ndani ya tusi akakaa kama kwake. Ndiyo maana ushauri wangu naanza na maneno, na mambo ya simu, ndoa na nyumba yatafuata.

Majirani wanatuita mtu na shoga yake. Tuanze na hilo hilo.

Shoga, kwa wanawake wa pwani, ni rafiki wa kike wa mwanamke. Bibi yangu alikuwa na shoga yake wa Mikindani. Waliazimana kanga, walisimamiana katika uzazi, na mmoja akisafiri kwenda Lindi mwingine hakulala mpaka asikie amefika. Sisemi walikuwa wapenzi; si haki yangu kumvika bibi yangu nguo ambayo hakuivaa mwenyewe. Ninachosema ni kwamba lilikuwepo neno la heshima kwa mapenzi mazito kati ya wanawake wawili, na lilitamkwa mchana, mbele ya waume na watoto. Siku hizi vijana wakisikia shoga wanamfikiria mwanamume, tena kwa kejeli. Neno limegeuziwa mikononi mwetu ndani ya umri wangu mimi, mpaka mabinti wanaogopa kuitana hivyo sokoni. Linaniuma hilo. Ni neno la bibi zetu.

Nimekuja kujua, kwa kusoma kidogo kidogo miaka yote hii, kwamba mahali pengi duniani mapenzi ya wanawake yalikaa humohumo ndani ya neno la urafiki. Lesotho kuna neno motsoalle, rafiki wa moyoni. Mama mmoja wa huko, Mpho 'M'atsepo Nthunya, alisimulia maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1996. Anaeleza jinsi yeye na mwanamke mwenzake, wote wakiwa wake za watu, walivyochaguana wakawa motsoalle, na uhusiano wao ukafanyiwa karamu. Majirani wakaja, watu wakala wakacheza, na mume wake alijua. Nilipoisoma habari ile nilimsomea mwenzangu kwa sauti, akaniomba nirudie pale kwenye karamu. Tumerudia mara nyingi.

Vuka bahari ya Atlantiki uende Suriname, mjini Paramaribo, kwa wajukuu wa watu waliotolewa Afrika kwa minyororo. Huko wanawake wa kipato cha chini wana mati wao. Mati ni rafiki. Mwanamke aliweza kuwa na watoto, akawa na mwanamume, na akawa na mati anayempenda. Na jambo lenyewe waliliita kazi ya mati. Kazi! Kitu cha kufanywa na kutunzwa kama shamba, hakikuwa chapa unayogongwa kwenye paji la uso. Kisiwani Carriacou, Grenada, wanawake waliofanya kazi pamoja wakiwa marafiki na wapenzi waliitwa zami, neno lililotoka kwenye Kifaransa cha "marafiki". Audre Lorde, mshairi mweusi wa Marekani aliyeishi kati ya 1934 na 1992, mama yake alitoka kisiwa hicho, naye akalichukua neno lile la akina mama na kulifanya lake. Hata Berlin, Ujerumani, gazeti la wanawake wanaopendana lililotoka kuanzia mwaka 1924 liliitwa Die Freundin, yaani Rafiki wa Kike. Liliuzwa vibandani barabarani mpaka utawala wa Hitler ulipolifuta mwaka 1933.

Binti yangu, ukiyapanga hayo maneno, motsoalle, mati, zami, Freundin, kisha ukaliweka shoga pembeni yake, utaona hujatoka sayari nyingine.

Sasa lile tusi. Msagaji limetoka kwenye kusaga, nawe unajua wanavyolitamka, kwa kubana pua. Mimi lilinipiga mara ya kwanza mgongoni, nikiwa nachota maji, na ndoo ikanidondoka. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba Waarabu nao wana neno la namna hiyohiyo, lililotoka kwenye kutwanga na kusugua, na Wagiriki wa kale walikuwa na lao, tribas, kutoka kwenye kusugua. Lugha tatu, picha moja, na zote zimeangalia viungo vya mwili peke yake zikaacha moyo. Siwezi kukuambia ulipende neno hilo. Wako wenzetu wanaolitumia kwa kujivuna, wamelinyang'anya kutoka kwa wenye kutukana, nami nawaheshimu. Mimi halijanitoka mdomoni nikijitaja mwenyewe. Wewe utaamua.

Na lesbiani, ambalo wengi wenu mnalisoma kwenye simu, ni neno la kisiwa. Lesbos iko Ugiriki. Takribani miaka 2,600 iliyopita aliishi huko mshairi Sappho, akatunga nyimbo za kuwapenda wanawake, zikaimbwa kwa kinubi. Karibu zote zimepotea. Shairi moja tu ndilo limetufikia zima. Mengine ni vipande, na vingi kati ya hivyo viliokotwa kwenye majalala ya kale ya mji wa Oxyrhynchus, Misri, juu ya karatasi za mafunjo. Nalipenda jambo hili kuliko yote: sauti ya yule mama wa Ugiriki ilitunzwa na mchanga wa Afrika.

Utaambiwa haya yameletwa na Wazungu. Utaambiwa na watu unaowapenda, kwa nia njema kabisa. Mwaka 1899 zilichapishwa habari za Unguja zilizokusanywa na mtaalamu mmoja wa Austria, na kati ya maneno ya Kiswahili aliyoyakuta yakisemwa ni kusagana. Hakulileta yeye. Alilikuta, kama alivyokuta minazi. Watu hawatungi neno kwa jambo wasilolijua.

Kilichokuja kwa meli ni sheria. Vifungu vya "kinyume cha maumbile" vilivyomo kwenye sheria yetu ya jinai vina mizizi ya ukoloni wa Waingereza. Tena Waingereza wenyewe kwao, mwaka 1921, walipoletewa bungeni pendekezo la kuwaadhibu wanawake wanaopendana kama walivyokuwa wakiwaadhibu wanaume, mabwana wa bunge la juu walilikataa. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba wanawake wengi hawajui kabisa kama jambo hilo lipo, na sheria itawafundisha. Walituogopa hata tujue. Nikikumbuka hilo naona kwamba kukaa gizani hakukutokea bure, kulipangwa, na ndiyo maana nakusimulia historia hata kama umekuja kutafuta ushauri.

Jambo moja nikuonye, kwa sababu naona vijana wanalichukua vibaya. Kule Mara, kwa Wakurya, kuna nyumba ntobhu, mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume anamwoa mwanamke kijana kwa mahari, na yule kijana anazaa na mwanamume ili nyumba ipate warithi. Ni ndoa ya ukoo na mali. Wenyewe hawaielezi kama mapenzi ya mwili, kwa hiyo tusiwadandie. Inatuonyesha kwamba Afrika ilijua njia nyingi za wanawake kujenga nyumba pamoja, na hapo panatosha.

Alipokuja mara ya pili, mjomba akiwa amekwenda ghalani, binti alikuwa na swali jingine. Alinionyesha mikono yake, ina hina mpaka kwenye viwiko, ametoka harusini. "Mimi napenda magauni, napenda kujiremba. Nitakuwaje hivyo?" Alidhani mwanamke wa namna yetu lazima awe tomboi, anyoe nywele, atembee kwa kutupa mabega.

Mwanangu, tuko namna nyingi kama kanga zilivyo na majina. Yuko jikedume tangu utotoni, aliyekwea minazi na kaka zake na hajavaa gauni kwa hiari hata siku moja. Yuko mwenye baibui na udi, ambaye hakuna atakayemdhania maishani. Yuko aliyempenda mumewe kweli, akamzika kwa machozi ya kweli, kisha akiwa na miaka 50 akampenda mwanamke. Huyo hakudanganya mwanzo na hadanganyi sasa. Yuko anayependa wanaume na wanawake, na huyu ananyanyaswa pande zote mbili, hata na sisi, jambo ambalo ni dhambi yetu. Yuko anayetaka kulala kifuani kwa mwanamke mwenzake na zaidi ya hapo hataki. Na wako matomboi tele, wachezaji mpira hodari, wanaowapenda wanaume na wataolewa. Ukimwona msichana kwenye suruali pale uwanjani usimsome kama kitabu.

Hili la dume na jike ndilo lililotutesa mimi na mwenzangu mwaka wa kwanza, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Tulikutana kwenye kubangua korosho. Unaijua kazi ile: mafuta ya ganda yanachoma ngozi, vidole vinakuwa vyeusi wiki nzima, na tulikuwa tunapaka majivu kujikinga. Alikuwa anakaa benchi la mbele yangu. Yeye ni mrefu, anavaa suruali chini ya kanga, sauti yake nzito. Tulipoanza kuishi pamoja sikujua mfano mwingine wa nyumba zaidi ya ule niliofundishwa na nyakanga, basi nikamfanya mume. Nikampakulia mnofu, nikamwekea maji ya kuoga, nikasubiri aniamulie kila kitu na alete hela yote. Naye akajaribu kuwa mume, akawa mkali, akaanza kuniuliza nimetoka wapi. Miezi minane tulikuwa wawili tunaocheza nyumba ya yule bwana niliyemkimbia. Usiku mmoja alilia akasema, "Mimi ni mwanamke. Nimechoka kuwa baba wa mtu." Kuanzia hapo tulipanga upya. Mimi ndiye ninayesimamia hesabu na kwenda chama cha msingi kuuza. Yeye anapika kuliko mimi, na ming'oko yake inajulikana mtaa mzima. Suruali anavaa bado. Ni yake, anaipenda.

Wala si sisi peke yetu tuliogonganisha vichwa juu ya hili. Huko Marekani, katika mji wa viwanda wa Buffalo, miaka ya 1940 na 1950, wanawake wafanyakazi walikutana kwenye baa. Waliovaa mashati na suruali waliitwa bachi, wapenzi wao wenye magauni wakaitwa femu. Bachi ndio waliotambulika barabarani na ndio waliopigwa, na wengi walisimama mlangoni ili wenzao wawe salama ndani. Mwaka 1955 kikaanzishwa chama San Francisco, Daughters of Bilitis, nacho kikawashauri wanawake wavae na kuenenda kwa namna ambayo jamii itaikubali. Miaka ya 1970 wakaja watetezi wa haki za wanawake wakasema bachi na femu ni kuwaiga wanaume, waache. Nao wenyewe wakajibu: hatumwigi mtu, haya ni mapenzi yetu na tunayajua. Naona kila upande ulikuwa na jeraha lake. Ninachokuomba ni kwamba usikubali nafasi yoyote kwa sababu ya urefu wako, sauti yako au hina yako. Jaribu, uliza mwili wako, zungumza na mwenzako, badilisheni mkitaka.

Sasa ndoa, maana najua wanakutajia mtu.

Usiolewe ili kujificha. Nasema kama mama niliyefanya hivyo kabla hata sijajua ninajificha. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvuvi wa Msimbati, mchapakazi, na alistahili mwanamke wa kumfurahia anaporudi. Nilimnyima hilo miaka minane, na yeye akadhani kosa ni lake, akaanza kunywa. Watoto wangu walikulia kwenye ukimya ule. Ukiolewa kwa hofu, hofu haiondoki, inapata tu watu zaidi wa kuwaumiza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya bibi harusi mwenyewe. Unaweza kusema hapana, na unaweza kuisema bila kueleza sababu. "Nasoma kwanza." "Nataka nijenge." "Simtaki." Kwetu kusini mjomba ana sauti kubwa, lakini bibi mzaa mama ana sauti pia. Mfuate bibi kwanza.

Na kusema, umwambie nani? Hapa nilikosea vibaya. Mwaka ule wa pili nilikuwa na furaha iliyonizidi kifua, nikamwambia mwanamke tuliyekuwa tunabangua naye, niliyemwona kama ndugu. Wiki haikuisha. Tuliondolewa kazini wote wawili bila sababu kutajwa, na ukoo ukakaa kikao Newala, nikasimamishwa katikati kama mwizi wa kuku. Kaka yangu mkubwa hakuniita kwa jina miaka mitano. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa shuleni, akaambiwa maneno ambayo mpaka leo hajanirudia yote.

Kwa hiyo nakuambia: nauli na mahali pa kulala kwanza, ukweli baadaye. Usimwambie mtu anayekulipia ada mpaka uwe na njia ya kumaliza chuo bila yeye. Usimwambie mtu kwa sababu mmekunywa soda vizuri leo. Mpime kwa habari za watu wengine, sikiliza anavyomzungumzia mtu aliyeachika, aliyezaa nje, mwenye virusi. Anayewasema hao kwa ukatili atakusema na wewe. Na ukishapata mmoja wa kumwambia, mwambie usoni, mahali pa wazi penye kelele, kama ufukwe wa Shangani jioni watu wakicheza mpira. Usiandike.

Kuandika kuna kisa. Alikuwepo Uingereza mwanamke tajiri wa mashamba, Anne Lister, aliyeishi kati ya 1791 na 1840. Aliandika shajara ya maneno kama milioni 5, na mambo ya mapenzi yake na wanawake akayaandika kwa herufi za siri alizozibuni mwenyewe. Mwaka 1834 yeye na mpenzi wake Ann Walker walipokea sakramenti pamoja kanisani York, na kwao ile ndiyo ilikuwa ndoa. Siri yake ilidumu mpaka miaka ya 1890, jamaa wa ukoo na rafiki yake wakazisoma zile herufi. Rafiki akashauri zichomwe, jamaa akazificha ukutani. Leo ni hazina ya historia, nami nashukuru hazikuchomwa. Lakini Anne Lister alikuwa na jumba na mashamba, na alikuwa ameshakufa. Wewe uko hai, unapanga chumba, na simu yako haina hata herufi za siri. Futa mazungumzo. Weka namba ya kufungulia, usiipe kidole chako unapolala. Usitume picha ya mwili wako kwa yeyote, hata umpendaye. Na huyo "dada" mtamu wa mtandaoni anayetaka mkutane nyumba ya wageni usiku wa kwanza, muogope: wapo wanaotega wasichana kwa njia hiyo, wakishawapiga picha wanadai pesa kila mwezi. Mara ya kwanza onana na mtu mchana, sokoni, na mtu mmoja unayemwamini ajue uko wapi.

Sheria uijue pia, bila kuipaka rangi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza ukali, na kifungu chake cha vitendo vya aibu hakibagui hadharani na chumbani. Zanzibar sheria ya mwaka 2004 iliutaja usagaji kwa jina, kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi laki 5. Mwaka 2018 kiongozi wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kamati ya kuwasaka watu wanaopenda wa jinsia yao, na serikali ikasema hayo ni mawazo yake mwenyewe. Lakini wiki zile hata huku Mtwara tulilala taa zimezimwa. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kwa Wamakonde wenzetu tunaosikilizana lugha, tangu mwaka 2015 sheria mpya ya jinai hailihesabu jambo hili kuwa kosa. Mto mmoja, lugha moja, sheria mbili. Usikimbilie huko ukidhani ni peponi, maana wajomba wa kule ni wajomba kama wa huku. Ila jua kwamba sheria hutungwa na watu, na watu huzibadili.

Juu ya dini sitasema mengi. Mimi nafunga, naswali, na mwenzangu anakwenda misa. Mungu tumemwachia kila mmoja azungumze naye peke yake.

Hospitali: nenda. Wanawake wetu wengi hudhani kwa kuwa hawalali na wanaume hawahusiki na kupima saratani ya mlango wa kizazi. Si kweli. Virusi vinavyoileta hupita kwa kugusana ngozi, hata kati ya wanawake wawili, na wengi wetu tulikuwa na waume kabla. Kipimo cha siki ni cha muda mfupi. Huna haja ya kumweleza nesi habari za moyo wako. Mwambie tu umekuja kupima. Na kwenye ile fomu ya ndugu wa karibu unaweza kuandika jina la mwenzako, ukamwita dada. Nilipofanyiwa upasuaji ndivyo nilivyofanya, na yeye ndiye aliyekaa kwenye mkeka kando ya kitanda changu usiku sita.

Mwisho nyumba, na hapa nakuomba unisikilize hata kama mengine umeyaruka, kwa sababu nimeona wanawake wawili niliowajua wakitenganishwa na msiba mara mbili: kwanza kifo, kisha ndugu wa marehemu wakaja na kufuli. Yule aliyebaki alikuwa amechangia kila bati. Hakuwa na hata risiti. Alitoka na ndoo ya nguo.

Mapenzi yana haki ya kuwa na karatasi, hata kama sheria haina karatasi ya mapenzi yenyewe. Mkinunua kiwanja, majina mawili yaandikwe kwenye mkataba wa mauziano. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu watu kumiliki pamoja kwa mafungu, kila mmoja na lake, na fungu la anayekufa linakwenda kwa warithi wake. Kwa hiyo fungu lako uliandikie wosia, mbele ya mashahidi, na nakala umpe mtu wa nje ya nyumba. Tunza risiti za saruji. Fungueni akaunti. Nilisoma habari za Eleanor Butler na Sarah Ponsonby, wanawake wa Ireland waliotoroka kwao mwaka 1778 wakaenda kuishi Llangollen, Wales, nyumba moja karibu miaka 50 mpaka Butler alipofariki mwaka 1829. Nilichowaza mimi ni kwamba hakuna aliyewafuata na kufuli.

Sisi tulinunua kiwanja chetu mwaka 2009, pembeni ya mji, njia ya kwenda Naliendele, kwa hela ya korosho ya misimu mitatu. Tulikwenda ofisi ya mtaa wote wawili, tumevaa vitenge vya sare. Mwenyekiti wakati ule alikuwa mzee, macho hayamsaidii, akausoma mkataba polepole, kidole kikipita juu ya jina langu, kisha juu ya jina la mwenzangu. Akainua kichwa. Akauliza kama sisi ni ndugu.

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo. Mwenzangu akawahi.

"Hapana, mzee. Ni shoga yangu."

Mzee akasema, "Ahaa," akavuta kibao cha wino, akagonga muhuri.